Bastola ya Akiba kwa Mwindaji wa Ayala

Mtu akisikia neno bastola, hafikiri nyama. Hufikiri vita, au wezi, au mkubwa fulani na walinzi wake. Hata sisi tulikuwa na mawazo hayo mpaka mwezi wa Novemba mwaka 2022, tulipompoteza mnyama katika mwitu wa Kentucky, huko Marekani, tunakokaa sasa pamoja na jamaa nyingi zilizotoka Kongo. Tangu siku ile tulianza kuulizauliza habari za silaha hiyo ndogo, wala si kwa tamaa ya kuwa nayo, bali kwa aibu. Ndugu zetu wa huko nyumbani wametuuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba Wamarekani huwinda kwa bastola. Wako wawindao hivyo, lakini si wengi. Walio wengi huwinda kwa bunduki ndefu au kwa upinde, na bastola hukaa kiunoni kama akiba tu. Habari ya akiba hiyo ndiyo tutakayoisimulia.

Kwanza mjue mnyama mwenyewe. Si swala wala si kulungu wa kwetu, ingawa kwa mbali ungemdhania. Ni yule anayeitwa ayala katika Zaburi. Dume lake lina pembe zenye matawi, na pembe hizo huanguka kila mwaka mwishoni mwa baridi na kuota tena, jambo ambalo wazee wa kwetu wakisimuliwa hucheka na kusema twawadanganya. Mkia wake ni mweupe upande wa chini. Akishtuka huuinua juu kama kitambaa, na hapo ujue umekwisha kumkosa. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kwisha kabisa katika Kentucky kwa sababu ya kuwindwa ovyo. Serikali ikamlinda, ikawahamisha wengine toka mahali hata mahali, na leo wamejaa hata hugongwa na magari barabarani.

Hawindwi kila siku. Msimu wa bunduki hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba. Lazima uwe na leseni na kibali cha ayala, na kama umezaliwa tangu Januari 1, 1975, lazima uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kichwani na kifuani uvae rangi ya chungwa inayoonekana kutoka pande zote, ili mwenzako asikudhanie mnyama. Ukiua, huna budi kuiarifu ofisi ya wanyama kabla ya saa sita ya usiku siku ileile. Sisi tuliokulia mahali ambapo mwindaji huingia porini na mbwa wake bila kumwuliza mtu ila baba yake, tuliona amri hizi kuwa nyingi mno. Sasa twaziona si nyingi.

Basi mwaka ule wa 2022 tulikwenda pamoja na jirani yetu, mkulima mzee, mwenye shamba lililopakana na mwitu. Watoto wetu humwita Babu, nasi humwita Mzee, naye amelizoea jina hilo. Ilikuwa jioni. Dume alitoka penye miti, hatua kama 120 kutoka tulipokaa. Tulipiga. Aliruka, akakimbia, akatoweka. Mzee akasema, “Kaa kitako, ngoja nusu saa.” Nasi tukaona jua linashuka, moyo ukatupanda, tukamfuata papo hapo. Damu majanini ilikuwa nyeusi-nyeusi, nayo ni alama ya kwamba risasi imepita inini. Mnyama wa namna hiyo ukimwacha hulala karibu na kufa polepole. Ukimfukuza huamka.

Tulimkuta amelala katika kichaka cha miiba, hatua nne tu. Kichwa kilikuwa juu, ametutazama. Tuliinua bunduki. Darubini yake ilikuwa imewekwa kukuza mara tisa, na kwa umbali ule hatukuona kitu ila manyoya ya kahawia. Bega? Tumbo? Hatukujua. Tuliusogeza mtutu, ukanaswa na matawi. Tulipokuwa tukihangaika hivyo, ayala akajikokota, akasimama, akaenda zake gizani. Kesho yake asubuhi tukamwona kando ya kijito, mbwa-mwitu wadogo wa nchi ile wamekwisha kumla nusu, na nyama iliyobaki haikufaa.

Mzee hakutukaripia. Alisema tu, “Kijana wangu, ungelikuwa na bastola, mambo yangelikwisha palepale.” Tena baada ya kimya akaongeza, “Na ungelinisikia, usingeliihitaji.” Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na hilo la pili ndilo lililotuuma zaidi. Nusu ya kosa letu hakuna bastola ambayo ingeliitibu. Ilitupasa kungoja, na kuipunguza darubini kabla ya kuingia kichakani. Lakini nusu iliyobaki yatokea hata kwa wawindaji wenye subira: mnyama hajafa, yu karibu, mahali ni pembamba, na bunduki ndefu haigeuki. Wengine husema tumia kisu. Mtu aliyewahi kuona kwato za ayala zikichana hewa hatasema hivyo mara ya pili.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, tulikwenda dukani. Sheria ya Marekani yataka mnunuzi wa bastola dukani awe amefikisha miaka 21, ajaze karatasi za serikali, na jina lake lichunguzwe. Mgeni mwenye ukaazi wa kudumu, kama sisi, huonyesha pia namba yake ya uhamiaji. Muuzaji alikuwa kijana mwema, mwenye maneno mengi. Tulipomwambia kazi tunayotaka, alituletea bastola kubwa kuliko zote, inayotumia risasi ya milimita 10.

Hapa yafaa tueleze kidogo. Bastola ziko aina mbili zinazopendwa na wawindaji. Moja ni ile ya gurudumu, ambayo risasi zake, sita kwa kawaida, hukaa katika gurudumu linalozunguka. Nyingine ni hii ya nusu-otomatiki. Risasi zake hukaa katika kikasha ndani ya mpini. Moja ikilipuka, nguvu yake husukuma mfuniko wa juu kwenda nyuma, ganda tupu hurushwa nje, springi huurudisha mfuniko mbele, nao huchukua risasi nyingine na kuiingiza chumbani. Lakini kila risasi yataka kidole kivute upya. Ndiyo maana twasema nusu. Ni bapa, yakaa vizuri kiunoni chini ya koti la baridi, na kuijaza tena ni upesi.

Sasa nguvu zake. Risasi ya milimita 9, ambayo askari wengi wa dunia hubeba, hutoka na nguvu ya juli kama 500. Ile ya .45, iliyo nzito zaidi lakini ya polepole, yakaribia hizo hizo. Ile ya milimita 10, ikijazwa baruti kamili, yaweza kufika juli 850 na zaidi. Muuzaji aliyasema hayo kwa furaha, kana kwamba shauri limekwisha. Lakini risasi ya bunduki yetu ndefu, ile ya .308, hutoka na juli kama 3,500! Kwa hiyo mtu asijidanganye: bastola hizi zote, hata iliyo kubwa, ni ndogo mbele ya bunduki. Haziui kwa kishindo. Zinaua kwa kupiga mahali panapopaswa, na kwa ukaribu.

Mzee alituazima tatu, yaani ya 9, ya 10 na ya .45, akatupeleka kwenye ukingo wa udongo nyuma ya ghala lake, masikio yetu yamezibwa. Alitundika sahani ya karatasi kwa hatua kumi. Kwa ile ya 9 tulipiga sahani mara zote. Kwa ile ya 10 tulipiga mara mbili katika saba. Teke lake si la kuumiza mkono sana, lakini mwili huliogopa kabla halijaja. Kidole huvuta kwa pupa na mtutu huinama. Tulirudia, ikawa mbaya zaidi. Kwa ile ya .45 mkono ulisukumwa taratibu, na risasi saba zote ziliingia sahanini, tano zikiwa karibu-karibu. Mzee akachukua kalamu, akaizungushia duara zile tano, akatupa ile karatasi bila neno.

Tungaliweza kuchagua ile ya 9, na kwa hatua mbili ingelifanya kazi. Kilichotuzuia ni jambo dogo. Ng'ambo ya mto Ohio yuko ndugu yetu ambaye hutualika kuwinda kwake, na katika jimbo lile bastola ya kuwindia ayala lazima iwe na mtutu wa inchi 5 au zaidi, na risasi ya .357 au zaidi. Ya milimita 9 ni .355. Imepungukiwa unene wa unywele! Kule Pennsylvania hawaruhusu kabisa bastola zinazojipakia kwa kuwinda ayala. Na hapa Kentucky kikasha hakipaswi kuchukua zaidi ya risasi 10. Basi anayenunua silaha ya namna hii asome kwanza kitabu cha kanuni za jimbo lake, tena kila mwaka, maana hubadilika.

Tukachukua ile ya .45, ya muundo wa mwaka 1911, mtutu wa inchi 5, risasi saba kikashani. Muundo huo ulibuniwa na John Browning, Mmarekani, na jeshi la Marekani likaupokea mwaka ule wa 1911. Alikuwa akifanya kazi pia na kiwanda cha Herstal, karibu na mji wa Liège kule Ubelgiji, na huko ndiko alikofariki mwaka 1926. Tuliposoma habari hiyo tulitabasamu, kwa sababu Liège ni mji wa askofu Hubert, yule mtakatifu wa wawindaji, aliyefariki mwaka 727. Tulipokuwa seminarini tulisimuliwa jinsi alivyomfukuza ayala siku ya Ijumaa Kuu akaona msalaba katikati ya pembe zake. Wakati ule hatukujua ayala ni mnyama gani, tukamchora kwenye daftari kama mbuzi mwenye miti kichwani.

Turudi kwenye risasi. Ziko zile za askari, zilizofunikwa shaba kote, ambazo hupenya na kutoka upande wa pili, zikiacha tundu jembamba. Na ziko zile zenye shimo puani, ambazo hufunguka kama ua zikiingia mwilini. Mkutano wa The Hague mwaka 1899 ulizikataza hizi za pili vitani. Kwa mwindaji mambo ni kinyume: zinazofunguka ndizo za huruma, kwa sababu mnyama hafi kesho. Lakini bastola nyingine za muundo wa zamani hukwama zikilishwa risasi za pua ya shimo. Yetu ilikwama mara mbili katika sabini za kwanza. Tulibadili aina ya risasi, tukapiga mia mbili, haikukwama tena. Ni gharama, lakini silaha ya akiba isiyojaribiwa ni chuma cha kulemea mshipi.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji hakutuambia. Bastola ya aina hii ukiikandamiza mwilini mwa mnyama, mfuniko wa juu husukumwa nyuma kidogo, nayo haitalipuka. Yule wa gurudumu hana udhaifu huo. Kwa hiyo yapasa kukaa hatua moja au mbili mbali, nyuma ya mgongo wa mnyama, kutazama kama ardhi iliyo nyuma yake ni laini wala si jiwe, ndipo kupiga.

Na sasa tuseme lililotutisha. Siku ya kwanza tulipoileta kwa Mzee, tulitoa kikasha, tukakiweka mezani, tukasema, “Haina kitu.” Mzee akasema, “Vuta mfuniko.” Tukavuta. Risasi moja ikaruka kutoka chumbani, ikagonga meza, ikabingirika mpaka ukingoni, ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyesema neno. Mjukuu wake alikuwa amekaa kwenye kiti kile cha pili, anakula tufaha. Kutoa kikasha si kutoa risasi. Twaliandika neno hili kwa herufi za kawaida, lakini laiti tungeliweza kulipiga kengele.

Mama wa watoto alikuwa hajaiona bado. Tulipomweleza, aliacha kuchambua sombe, akakausha mikono. Akasema, “Baba watoto, bunduki ndefu najua kazi yake. Baba yangu alikuwa na gobori la kupigia nguruwe waliokula mihogo. Lakini hicho kidogo nilikiona mara moja tu, mwaka 1998, kiunoni mwa mtu aliyeingia kwetu bila hodi.”

Hatukuwa na la kujibu. Twajua ni nani waliotoka katika nyumba ile na nani hawakutoka. Tuliketi. Baadaye tukamsimulia tena habari ya yule dume wa kichakani, ambayo aliijua, na jinsi alivyotutazama. Alisikiliza. Akauliza kama Mzee hawezi kubeba bastola yake mwenyewe tukiwa naye. Swali zuri, nasi tulikiri kwamba siku nyingi angeweza. Lakini miguu yake inachoka, na mwaka ule alikwisha sema hatashuka tena bondeni kila siku.

Siku mbili hakulitaja. Siku ya tatu alisema masharti yake. Bastola isilale nyumbani mwetu ila wakati wa msimu; miezi mingine ikae katika sanduku la chuma la Mzee. Wakati wa msimu ikae katika sanduku letu, na ufunguo ukae kwake, si kwetu. Risasi zikae chumba kingine. Na kila tukirudi mwituni, kabla ya kuvua viatu, tuziweke risasi zote mezani, azihesabu kwa mkono wake. Mwanamume mmoja wa hapa, aliposikia masharti hayo, alitucheka, akasema tumetawaliwa na mwanamke. Tulimwuliza yake anaiweka wapi. Kumbe ilikuwa chini ya mto wa kitanda, na ana watoto wanne. Hatukuendelea na maongezi.

Sisi tuliongeza sharti moja la kwetu: kutembea na chumba kitupu, kikasha kikiwa kimejaa. Wako wanaosema hiyo si akiba. Labda ni kweli kwa anayeogopa dubu kule milimani mashariki. Lakini ayala aliyelala hana haraka ya kukushambulia. Una nafasi ya kuvuta mfuniko. Kwa kazi yetu chumba kitupu chatosha.

Novemba 2023, siku ya tatu ya msimu, tulipiga jike kwa hatua kama 90. Alianguka mbele, akainuka, akaingia mtini. Mzee hakuwapo. Tuliketi chini tukatazama saa nusu saa nzima, na hatujui kama kuna nusu saa ndefu kuliko ile. Penye damu tuliokota kipande cha mfupa, tukajua kwamba tumepiga chini mno, begani. Tulishusha darubini hata mwisho, tukafuata polepole. Alikuwa amelala penye matope ya kijito, mgongo kwetu, anapumua. Tuliiegemeza bunduki mtini, tukaitoa bastola katika ala, tukavuta mfuniko. Mkono ulitetemeka. Tulingoja mpaka utulie. Hatua mbili, nyuma ya sikio, udongo laini nyuma yake. Risasi moja. Miguu ilijinyosha, kisha maji ya kijito tu yakasikika.

Tulitoa kikasha. Tukavuta mfuniko, ikaruka iliyobaki chumbani, tukaitafuta matopeni mpaka tukaipata. Kwa kijiti tuligusa jicho la mnyama; halikupepesa. Ndipo tukatoa kisu.

Tulifika nyumbani saa mbili ya usiku, tukiwa tumekwisha piga simu kwa ofisi ya wanyama. Watoto walikimbilia garini kumwona. Mama wa watoto alibaki mlangoni, akanyosha kiganja. Tuliziweka mezani, moja ina matope bado. Aliihesabu kila moja kwa kidole.

“Sita,” akasema. “Ya saba?”

Tukamweleza: begani, kijitoni, hatua mbili. Akauliza, “Aliteseka sana?” Tukasema, “Nusu saa.” Alizifunga zile sita katika kitambaa, akaenda nazo chumba cha ndani, na kutoka huko akauliza kwa sauti kama tumekumbuka kuleta ini, kwa maana mwaka jana watoto hawakulionja.